Ofisi Wakipiga

Ijumaa hiyo nilitoka Al Mansoura, mtaa ninaoishi hapa Doha, nikiwa nimefura mpaka nikavaa viatu vya kazini bila kujua. Nilikuwa naenda Muaither kugombana na Hannah. Si kuongea naye. Kugombana. Matusi nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatano, ya Kiswahili kando, ya Kikisii kando, na machache ya Kikamba ambayo Hannah mwenyewe alinifundisha tukiwa Athi River, maana nilitaka ayasikie kwa lugha ya mama yake.

Nasra, Mtanzania wa Tanga ambaye tunalala naye chumba kimoja, alikuwa kitandani anachana nywele. Alinitazama nikivuta kamba za viatu kwa nguvu.

"Kerubo, mwenzangu, muulize kwanza," akasema. "Usifike pale ukaanza kubwata."

"Nyinyi watu wa Tanga mtamuuliza hata mwizi aliyebeba sufuria yenu, 'Samahani kaka, hiyo si yetu?'"

"Na atairudisha. Wewe nenda na ukali wako huo, tuone utarudi na nini."

Nikasonya, nikatoka. Kwenye metro niliketi karibu na mlango, nikawa nasema peke yangu kwa sauti ya chini, na mama mmoja Mfilipino akahama kiti. Sikumlaumu.

Wacha nieleze basi, ndio ujue hasira hiyo ilitoka wapi.

Mimi na Hannah tulishona suruali pamoja miaka mingi, katika kiwanda kimoja cha Athi River. Lakini mtu asisikie "tulishona suruali" akafikiri kila mmoja wetu alishona suruali nzima. Kwa laini kila mtu ana kipande chake. Mimi nilikuwa wa zipu. Asubuhi zipu, jioni zipu, ukienda likizo ukirudi zipu zinakungoja. Hannah alikuwa wa mfuko wa nyuma. Jebet, aliyeketi mwisho wa laini, alikuwa wa pindo. Majina yetu ya kubatizwa yalikuwa ya kadi ya getini tu. Kwa laini mimi nilikuwa Zipu na Hannah alikuwa Mfuko.

"Mfuko, leo uko na kitu ama ni hewa kama kawaida?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya asubuhi.

"Zipu, funga mdomo," na hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Tungezeeka hivyo tukicheka, haki ya Mungu. Lakini siku moja meneja alipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa akasema kampuni inahamisha uzalishaji wake ng'ambo. Mama mmoja nyuma akauliza, "Ng'ambo ya barabara?" Watu wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya, kwa sababu ng'ambo ya barabara kweli kulikuwa na ghala lao tupu, na wengi wetu tulishaanza kuwaza kama njia ya kule ina matope. Meneja hakucheka. Alisema ng'ambo ya bahari.

Kazi ya mwisho tuliyopewa ilikuwa kushona suruali za mfano, za kupelekewa wafanyakazi wapya huko ili waige. Tulizishona vizuri kuliko zote tulizowahi kushona. Sijui tulikuwa tunamfurahisha nani. Halafu mashine zikapakiwa kwenye malori, makabati ya faili zetu yakapakiwa pamoja nazo, na sisi tukabaki nje ya geti na mikoba yetu.

Kazi ikaenda ng'ambo yake, na sisi tukaenda ng'ambo yetu. Hannah alitangulia Doha, akapata nyumba Muaither, kupika na kusafisha. Mimi nikamfuata baadaye. Nilimwacha binti yangu Chelsea kwa mama yangu kule Keroka, wakati huo alikuwa bado anaanguka akijaribu kukimbia.

Nyumba ya kwanza niliyopelekwa sitaisema sana. Nilitoroka, hiyo inatosha. Lakini lazima nikueleze kuhusu ofisi.

Hapa Doha, ukimtajia ofisi mtu anayefanya kazi za nyumba, hafikirii meza na kompyuta. Ofisi ni ajenti, wale waliokuleta. Ukigombana na madam, unarudishwa ofisi. Ukiugua, unarudishwa ofisi. Ukitoroka, ofisi ndio wanaokusaka, na hawaji na rungu. Wanapigia rafiki zako simu mmoja mmoja, kwa upole kabisa. "Habari dada, tunamtafuta fulani." Mtu akisema tu, "Eeh, namjua," umekwisha.

Wakati huo nilikuwa nimejibanza kwenye chumba cha kugawana na wasichana wa Nairobi, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, naogopa hata kwenda dukani. Mtu pekee niliyempa namba yangu mpya alikuwa Hannah. Nikamwambia, "Mfuko, ofisi wakipiga, hunijui. Hata wakikuapisha."

"Hata wewe unayeongea sikujui," akasema. "Ni nani huyu?"

Walimpigia kweli, zaidi ya mara moja, na hakusema kitu. Nilikaa hivyo mpaka nikapata watu wa kunisaidia, karatasi zangu zikanyooshwa, nikaingia hoteli moja kule West Bay kwa njia halali, kusafisha vyumba. Kazi si mbaya. Ninapokuta suruali ya mgeni imetupwa kitini, huwa siwezi kujizuia, naigeuza niangalie zipu. Nyingi zimeshonwa ovyo. Nyingine zimeshonwa vizuri kabisa, na hizo ndizo zinazoniumiza.

Sasa mwaka huu serikali ya kwetu ikatangaza msaada kwa watu ambao viwanda vyao vilihamia nje. Wanakurudisha darasani, wanakufundisha kushona nguo nzima, kuanzia kukata kitambaa mpaka kifungo cha mwisho, halafu wanakupa mashine yako na nafasi ya kufanyia kazi, huko huko Athi River. Masomo yanaanza Januari. Nilipoisikia hiyo habari niliketi sakafuni bafuni kwa chumba cha mgeni, mkononi nimeshika brashi ya choo, nikacheka peke yangu. Nguo nzima! Mimi Zipu, nishone nguo nzima!

Kwa sababu wengi wetu tumetawanyika huku Uarabuni, walimtuma mtu mpaka Doha. Anaitwa Njenga, kijana mpole mwenye miwani, aliyeazimwa chumba juu ya duka la mapazia Fereej Bin Mahmoud. Aliniambia shida ni moja. Kiwanda kilihama na faili, kwa hivyo hakuna karatasi yoyote inayosema nilifanya kazi pale. Wanachotaka ni watu wawili wa laini yangu waseme kwa mdomo wao kwamba wananijua na kwamba nilikuwepo mpaka siku ya kufungwa. Nikamtaja Jebet, aliyebaki Kitengela. Nikamtaja Hannah.

Hannah mwenyewe msaada haukumhusu. Miezi ya mwisho walikuwa wamemshusha kuwa kibarua, na vibarua hawakuhesabiwa. Nilipompigia kumwambia, nilijikuta naongea kwa aibu kidogo.

"Serikali watakupigia," nikamwambia. "Watauliza kama unanijua. Sema tu vile ulivyoona."

"Mimi sina shida," akasema. "Nenda nyumbani, Zipu. Angalau mmoja wetu aende."

Wiki hiyo hiyo hoteli wakaniletea mkataba wa miaka miwili mingine niweke sahihi. Nikawaambia wangoje. Jioni nikampigia Chelsea. Sasa ameshafika umri wa darasa la kwanza, na mimi ananijua kwa simu. Akitaka kunibusu analamba kioo, na mama yangu hupiga kelele kwamba ataharibu simu. Nikamwambia, "Ukianza shule Januari, ni mimi nitakupeleka."

Akaitazama mikono yake. "Utashika mkono huu," akasema, akiuonyesha. "Huu mwingine ni wa kubeba begi."

Nikasema sawa. Tangu siku hiyo kila nikimpigia ananionyesha huo mkono, anauliza kama nimekumbuka.

Halafu Jumatano Njenga akapiga. Nilikuwa natandika kitanda cha watu.

"Dada Everlyne, pole," akasema. Everlyne ndilo jina langu la kadi ya getini. "Mambo yako imekwama. Jebet ameongea vizuri sana. Lakini huyu wa pili amesema hakujui."

"Wa pili ni Hannah."

"Ndiyo, Hannah Mutheu. Nimempigia mwenyewe. Nimemuuliza, nikarudia kumuuliza, nikamwambia afikirie vizuri. Ameapa, dada. Ameapa kwa jina la Mungu hajawahi hata kulisikia jina lako."

Nilishikilia foronya ya watu mkononi mpaka ikakunjamana. Nikamwambia haiwezekani. Akasema ameshaandika alichoambiwa, na shahidi akikana, wanachukulia kwamba mwombaji amedanganya. Nikamwomba anipe muda. Akasema muda hauko mikononi mwake, lakini nikimpata huyo dada leo au kesho, nijaribu.

Nikampigia Hannah. Mteja hapatikani. Nikampigia tena usiku. Mteja. Alhamisi nilipiga mpaka kidole kikachoka, mteja. Mtu ameniuza, halafu amezima simu! Hapo sasa hasira ilinipanda ikakaa. Nikajiambia ni wivu. Yeye hakupata, kwa hivyo na mimi nisipate. Ile sauti yake ya "nenda nyumbani, Zipu", kumbe moyoni alikuwa na lake. Nilikumbuka kila kitu ambacho nimewahi kumfanyia, hata uzi niliowahi kumwazima, nikaviweka vyote pamoja, nikaona mimi ni mjinga wa mwisho. Nililia pia, sitaficha. Nililia kwa sababu ya Chelsea, lakini nililia zaidi kwa sababu ilikuwa ni Hannah.

Ndiyo nikafika Muaither na viatu vya kazini.

Hannah hapewi siku ya kutoka. Nafasi yake ya nje ni takataka. Ijumaa, familia wakimaliza chakula cha mchana, wanalala, naye anabeba mifuko mpaka kwenye mapipa yaliyo kona ya ukuta. Tumezoea kuonana pale, karibu na mapipa, tunaongea haraka haraka tukiwa tumeziba pua. Nikasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nikangoja, nikirudia matusi yangu yasinipotee.

Akatoka na mfuko kila mkono. Aliponiona aliiangusha yote miwili.

"Zipu! Aki wewe, Mungu ni mkubwa! Nilikuwa natafuta vile nitakupata, kwa simu naogopa!"

Akanikumbatia. Mimi mikono yangu ilikaa chini. Alikuwa amekonda, hiyo niliihisi hata nikiwa na hasira.

"Hannah," nikasema. Sikumwita Mfuko. "Nataka kukuuliza kitu."

"Ngoja, mimi kwanza. Hii stori imenikaa kwa tumbo tangu majuzi." Akageuka akaangalia lango kama kuna mtu, akanivuta karibu. "Ofisi walipiga."

"Ofisi gani?"

"Kwani kuna ofisi ngapi? Ofisi! Mwanaume, namba ya hapa hapa Qatar, Kiswahili safi, na ile sauti yao ya upole. Ati, 'Habari dada Hannah, napiga kutoka ofisi. Tunamtafuta mtu anaitwa Everlyne Kerubo. Mliwahi kufanya kazi pamoja?' Wueh! Moyo ulinipiga hapa. Nikajua tu wamefufua ile kesi ya nyumba yako ya kwanza."

Nilimshika mkono nimsimamishe, akaendelea.

"Nikamwambia simjui. Akarudia. Nikamwambia, kaka, simjui. Akasema ati, 'Dada, fikiria vizuri, hili jambo ni la maana sana kwake.' Unaona ujanja huo? Anataka nikuhurumie ndio nikutaje! Nikaona, wee, huyu hanijui mimi. Nikaapa. Nikasema, naapa kwa jina la Mungu wangu, hilo jina sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Akasema pole kwa usumbufu, akakata. Nikatoa laini kwa simu, nikaificha ndani ya mkebe wa unga, ndio wasinifuate. Jana jioni ndio nimeirudisha."

Aliyasema hayo yote kwa pumzi moja, macho yanang'aa.

"Vile uliniambia," akasema. "Ofisi wakipiga, hunijui. Hata wakikuapisha. Mimi sisahau kitu, Zipu. Siwezi nikakuuza."

Alikuwa ananitazama akingoja nimsifu.

Niliketi pale kwenye ukingo wa barabara, kando ya takataka zake, na matusi yote niliyoyapanga kwa lugha tatu sikuona hata moja. Hannah akafikiri ni hofu. Akachutama mbele yangu, akaanza kunifuta jasho kwa kipande cha mtandio wake.

"Usiogope, hawatakupata. Hawana chochote."

"Ngoja," nikasema. "Ngoja nipige simu kidogo."

Nikaenda nyuma ya kona ya ukuta, nikampigia Njenga. Ilikuwa Ijumaa na nilijua yuko nyumbani, lakini alishika. Nikamwambia yote, nikiruka ruka maneno. Nikamwambia, alidhani wewe ni ajenti. Ulisema ofisi. Huku ofisi ni ajenti.

Nilimsikia akivuta kiti, akiketi.

"Ningesema natoka serikalini," akauliza, "angekubali?"

"Angekubali hata hujamaliza kuuliza."

"Nilisema ofisi tu," akasema. "Si napiga kutoka ofisi? Ningesema nini?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada Everlyne, Nairobi walifunga orodha jana saa za jioni. Nilingoja unipigie. Hata nikiwaandikia Jumapili, mtu aliyeapa kwa Mungu juzi, leo anasema anakujua, wataniuliza ni nani amembadilisha maneno. Nitajaribu. Lakini sitaki kukudanganya."

"Usinidanganye."

"Basi hapana, dada. Pole sana. Pole kabisa."

Aliumia kweli, nilimsikia, na hilo ndilo lililonikasirisha tena kidogo, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Nilitoka Al Mansoura nikiwa na adui mzima, na saa hiyo sikuwa na hata nusu. Nilisimama pale nimeegemea ukuta wa watu, nikauona ule mkono mdogo, ule usio wa begi. Nikaufikiria mkataba wa hoteli ulio chini ya mto wangu. Jumapili nitautia sahihi. Hakuna njia nyingine. Chelsea atapelekwa na nyanya yake, na nyanya yake ana miguu mibovu, pengine atapelekwa na jirani.

Niliporudi, Hannah alikuwa ameshaweka takataka kwenye pipa na anajifuta mikono. Akatoa chini ya aproni kifurushi cha karatasi ya fedha, bado kina joto.

"Chapati," akasema. "Niliiba unga wa madam. Zile za kwetu, si hii mikate yao. Kula mbili, nyingine mpelekee huyo Mtanzania wako aonje aseme ukweli." Halafu akanitazama. "Ulikuwa unataka kuniuliza nini?"

"Nimesahau."

"Basi mimi nina swali. Wale wa serikali vipi? Mbona hawanipigii?"

Nilianza kufungua kile kifurushi.

"Mimi nangoja tu," akasema. "Hiyo ndiyo sababu nimerudisha laini kwa simu, sikutaka, naogopa ofisi, lakini nikasema serikali wakipiga wanikose itakuwa mimi nimekuharibia. Kila namba inayoanza na ya kwetu naruka. Jana niliruka, kumbe ni dada yangu ananiomba pesa." Akacheka. "Nalala nayo hapa kifuani. Madam aliniuliza kama nina mpenzi."

Ningemwambia. Nakwambia ukweli, neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nilimtazama, amekonda, amesimama kando ya mapipa na aproni yenye unga, na nikajua baada ya dakika chache ataingia tena kwenye nyumba hiyo na lango litafungwa, na huko ndani hana Nasra wa kumwambia chochote. Angekaa na hilo jambo peke yake, akikaanga vitunguu vya watu. Angejiua kwa mawazo. Na alikuwa amefanya kile nilichomwomba. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye amewahi kufanya kile nilichomwomba, sawasawa vile nilivyosema.

"Watapiga," nikasema. "Serikali ni polepole, si unawajua."

"Nimejitayarisha. Nikuambie vile nitasema?"

"Hannah, acha tu."

"Hapana, sikia, uniambie kama ni sawa." Akajinyoosha, akashika aproni kwa mikono yote miwili, akafanya sauti ile ya mtu anayeongea na wakubwa. "Nitasema hivi. Kerubo alikuwa laini yetu, viti viwili mbele yangu, nilikuwa naona mgongo wake siku nzima. Alikuwa wa zipu. Zipu yake hukuweza kuona mahali uzi umeanzia. Mdomo wake ni mbaya lakini mkono wake ni mzuri. Nitasema hiyo ya mdomo?"

"Sema."

"Nitasema, siku ya mwisho tulishona suruali za mfano za kupeleka ng'ambo. Wakubwa waliweka zote juu ya meza wakachagua moja, wakasema hii ndiyo wale wengine watafundishwa nayo. Ilikuwa na zipu ya Kerubo na mfuko wangu. Nilimwona akiikunja yeye mwenyewe, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa analia na anasema ni vumbi la kitambaa. Na kama wanataka kujua kama kweli alifanya kazi pale, waende huko ng'ambo waulize hiyo suruali." Akashusha mikono. "Ni sawa ama nimeharibu?"

Chapati ilikuwa mdomoni. Machozi yalikuwa yanashuka tu, na sikuyafuta.

"Wewe nawe," akasema, naye akaanza kupepesa macho. "Unalilia nini? Si utaenda nyumbani?"

"Ni vumbi," nikasema.

Akanipiga bega, akacheka. Ndani ya ukuta mtu akaita jina lake, sauti ya mama wa nyumba yenye usingizi, na Hannah akaitikia kwa Kiarabu kwamba anakuja. Akaokota mfuko mtupu chini. Hatua chache akasimama.

"Sitaki kusahau ile siku wakipiga," akasema. "Hofu ikinishika huwa nachanganya. Mwanzo niseme nini? Kabla ya hiyo ya kiti."

"Mwanzo watakuuliza kama unanijua."

"Na mimi niseme?"

"Sema vile ilivyo."

Akaweka kidole sikioni kama simu. "Haloo? Ndiyo, ni mimi Hannah." Akanyamaza, akasikiliza, akitikisa kichwa kwa heshima. "Kerubo? Ndiyo. Namjua."

"Sema kwa nguvu kidogo," nikamwambia. "Wasije wakakosa kusikia."

"Namjua," akasema Hannah. "Namjua sana."